Kupima mafuta kwenye chakula: karatasi, ethanoli au Sudan III?

Mwalimu anayeandaa kipindi cha kupima virutubisho hupanga mezani karanga, maziwa, unga wa mahindi, parachichi, pengine na kichupa cha mawese. Wanga haumsumbui: akidondosha iodini na rangi ikageuka bluu iliyokolea hadi kukaribia nyeusi, jibu limepatikana. Mafuta ndiyo yanayozua ubishi. Wapo wanaopaka chakula kwenye karatasi na kuitazama kwenye mwanga, wapo wanaokitikisa ndani ya ethanoli, yaani alkoholi, na wapo wanaodondosha Sudan III, rangi nyekundu inayoshika mafuta. Kila mmoja hushika kipimo alichofundishwa naye, kisha hukitumia kwa kila chakula kinachomfikia. Hapo ndipo majibu ya ajabu yanapoanza: maziwa hayana mafuta, unga wa muhogo una mafuta, na mawese hayaeleweki.

Niseme mapema ninachokiamini, ili mwenye haraka asipoteze muda. Kipimo kichaguliwe kwa kuangalia chakula kilichopo mezani, si kwa mazoea. Maabara inayoweza kumudu kimoja tu inunue ethanoli. Shule isiyo na maabara kabisa isijione imeachwa nyuma, kwa sababu karatasi ikitumiwa kwa uangalifu hutoa jibu la kuaminika kwa vyakula vingi tunavyovila. Sudan III naiweka ya tatu, ila ina kazi moja ambayo hivyo vingine viwili haviiwezi.

Vipimo vyote vitatu vinaegemea tabia chache za mafuta. Hayakauki hewani kama maji. Hayachanganyiki na maji, lakini huyeyuka kwenye ethanoli. Na hupokea rangi fulani ambazo maji huzikataa. Ukikumbuka kipimo chako kinaegemea tabia ipi, utajua pia kitakudanganya wapi.

Karatasi

Aliyewahi kufungiwa maandazi au bagia kwenye gazeti ameshaona kipimo hiki kikifanya kazi. Sehemu iliyolowa mafuta hupitisha mwanga, na maandishi ya upande wa pili husomeka.

Sababu yake iko ndani ya karatasi yenyewe. Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizolaliana, na katikati yake kuna hewa. Mwanga ukiingia hutawanyika kila unapotoka kwenye uzi na kuingia kwenye hewa, kwa kuwa selulosi hupinda mwanga zaidi ya hewa. Kwa kipimo cha fizikia cha kupinda mwanga, hewa ina 1.0, selulosi ina 1.5 na ushee, na mafuta ya kula yana karibu 1.47. Kwa hiyo mafuta yakijaza nafasi za hewa, mwanga hauoni tofauti kubwa kati ya uzi na kilichouzunguka, nao hupita. Maji yana 1.33. Yako katikati, na ndiyo maana karatasi iliyolowa maji nayo hupitisha mwanga kiasi. Tofauti ni kwamba maji yataondoka na mafuta yatabaki.

Kwa hiyo kipimo kizima kinasimama juu ya kusubiri. Wanaosema karatasi haiaminiki, wengi wao wanaitazama ingali mbichi. Parachichi ndilo linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko chakula kingine chochote: robo tatu yake hivi ni maji, na mafuta ni kama asilimia 15. Ukilipaka kwenye karatasi, dakika za mwanzo unaona doa kubwa la unyevu ambalo hata tango lingelitoa. Likikauka, pembezoni panarudi kuwa peupe, na katikati linabaki doa dogo linalong'aa ukilielekeza dirishani. Hilo dogo ndilo jibu. Kukauka nako kunategemea ulipo. Dodoma wakati wa kiangazi karatasi hukauka ukiwa bado unaeleza utaratibu ubaoni. Tanga au Mombasa mvua za masika zinaponyesha, afadhali uianike na kuisoma kipindi kinachofuata. Usiikaushe juu ya moto, kwa sababu joto kali huibadilisha karatasi rangi na doa linakuwa gumu kusoma.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kata vipande vya karatasi nyeupe isiyo na mistari, au ya kaki kama ile ya bahasha. Andika jina la chakula kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu husambaa. Ponda chakula kikavu kwenye kinu, ukikandamize kwenye karatasi, kisha ukikung'ute. Pembeni weka tone la maji, na pembeni tena tone la mafuta ya kupikia. Hayo matone mawili yasiachwe hata siku moja: la maji linakwambia muda wa kukauka umetimia, na la mafuta linakuonyesha doa la kweli linavyofanana.

Mafuta mgando yana tabia yake. Samli au mafuta ya nyama asubuhi ya baridi kule Njombe au Limuru hukaa juu ya karatasi bila kuingia ndani ya nyuzi, na mwanafunzi akiyafuta anaona karatasi safi. Weka juu yake kopo lenye maji ya moto kwa muda mfupi, yatayeyuka na kuzama.

Karatasi ina wadanganyifu wake, nao ni wachache na wanajulikana. Asali na maji ya sukari yaliyokolea hukawia sana kukauka na huacha doa linalopitisha mwanga. Dondoshea maji: doa la sukari litalowa na kuoshwa, la mafuta litayasukuma maji yakae kama shanga. Nta ya mshumaa huacha doa linalofanana kabisa na la mafuta, kwa hiyo meza iwe safi. Mdanganyifu wa tatu ni ganda la chungwa. Ukilibana juu ya karatasi linarusha vitone vyenye harufu kali, na doa linaonekana papo hapo. Ukiirudia baadaye, doa limefifia au limetoweka. Hayo ni mafuta yanayoruka, yale yanayoleta harufu; si mafuta ya lishe kama ya karanga au nazi, ambayo doa lake utalikuta hata kesho. Hapa karatasi inaizidi ethanoli waziwazi, kama tutakavyoona.

Kuna jaribio moja la karatasi ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye kwa mikono yake. Loweka punje za mahindi usiku kucha. Asubuhi, kwa ncha ya kisu, chokoa kiini, kile kipande cha rangi ya krimu kilicho upande wa ncha ya punje, ukitenge na sehemu ya unga. Kaushia viini kwenye kitambaa, viponde kwenye karatasi moja, na sehemu ya unga uiponde kwenye karatasi nyingine. Zikikauka, karatasi ya viini ina doa, ya unga haina. Punje nzima ya mahindi ina mafuta kama asilimia 4 hadi 5, na sehemu kubwa ya mafuta hayo imejikusanya kwenye hicho kiini. Kwa hiyo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwa nini dona huwahi kunuka mafuta ya zamani kuliko sembe: sembe imekobolewa, kiini kimeondoka, na mafuta yameondoka nacho.

Udhaifu mkubwa wa karatasi ni vyakula vyenye mafuta kidogo au vyenye maji mengi. Maharage, ambayo mafuta yake ni asilimia 1 au 2, hayatoi doa la kueleweka. Tone la maziwa freshi hukauka na kuacha alama ngumu ya protini na sukari iliyoganda, na doa la mafuta hufichwa humo. Ukiishia hapo utaandika kwamba maziwa hayana mafuta.

Ethanoli

Hapa unafanya mambo mawili kwa zamu. Kwanza unayachota mafuta kutoka kwenye chakula kwa ethanoli. Pili unayamwaga mafuta hayo yaliyoyeyuka kwenye maji, ambako hayawezi kuendelea kuyeyuka. Yanajitenga kuwa vitone vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja, vinatawanya mwanga, na maji yanageuka meupe kama tui jepesi. Ukiliona wingu hilo, mafuta yapo.

Ponda chakula mpaka kilainike. Kiwe kikavu kadiri inavyowezekana, kwa kuwa maji yaliyomo kwenye chakula huipunguza nguvu ethanoli. Kitie kwenye testi tyubu, mimina ethanoli kiasi cha sentimita mbili za urefu wa testi tyubu, ziba mdomo, tikisa kwa dakika moja au zaidi. Simamisha testi tyubu mpaka mashapo yatulie chini. Kisha chota ethanoli ya juu tu, ile angavu, uimimine kwenye testi tyubu nyingine yenye maji safi ya kiasi kilekile.

Maneno "ya juu tu" yanabeba nusu ya kipimo hiki. Unga wa muhogo una mafuta pungufu ya asilimia moja, lakini ukimwaga ethanoli pamoja na mashapo yake ndani ya maji, chembe za wanga zitaelea na utapata weupe wa uongo. Subiri zaidi, au pitisha kwenye karatasi ya kuchujia. Ukiwa na shaka, iache testi tyubu isimame kwa muda: chembe za unga zitazama chini, wingu la mafuta litaendelea kuning'inia.

Swali linaloulizwa sana ni ethanoli ya kutumia. Ile ya maabara ya asilimia 95 au zaidi ndiyo nzuri kuliko zote. Spiriti ya kuwashia, ile ya zambarau, hutumika shuleni kwingi na hufanya kazi, ila lazima uijaribu yenyewe kwanza: mimina spiriti tupu kwenye maji na uangalie. Spiriti nyingine hutiwa viungo vya kuzuia watu wasiinywe, na baadhi ya viungo hivyo huyafanya maji yawe na ukungu hata pasipo chakula chochote. Ya kuepuka zaidi ni spiriti ya kusafishia ngozi inayouzwa maduka ya dawa. Ikiwa imetengenezwa kwa kufuata kanuni za famasia za Uingereza, ndani yake kuna mafuta ya nyonyo, na ukiimwaga kwenye maji inapauka kabla hujatia hata punje ya karanga. Pombe kali za dukani zenye asilimia 35 hadi 40 hazifai, maana zaidi ya nusu yake ni maji na mafuta hayayeyuki humo. Vitakasa mikono vya jeli navyo usivijaribu.

Kwa maziwa, watu wengi huyamimina moja kwa moja kwenye ethanoli kisha kwenye maji, wanaona weupe, wanashangilia. Weupe huo ulikuwepo tangu kwenye kikombe! Maziwa ni meupe kwa sababu yenyewe tayari ni vitone vya mafuta na chembe za protini zilizotawanyika kwenye maji. Njia ya haki ni kudondosha matone machache tu ya maziwa kwenye ethanoli nyingi. Protini itaganda na kushuka, juu itabaki ethanoli angavu, na hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye maji safi. Rahisi kuliko hapo ni maziwa ya unga: chukua yenye mafuta yake, ambayo huwa karibu asilimia 26, na yale yaliyoondolewa mafuta, uyapime kwa pamoja kwa kiasi kilekile. Tofauti ya mawingu hayo mawili haihitaji maelezo.

Wadanganyifu wa ethanoli ni wale wanaoyeyuka ndani yake na kukataa maji, ingawa si mafuta ya lishe. Ganda la chungwa, karafuu na viungo vingi vyenye harufu kali hutoa wingu zuri kabisa, kwa sababu mafuta ya harufu yana tabia hiyohiyo. Pemba na Unguja, ambako karafuu zipo kila mahali, mwanafunzi mdadisi atazipima tu, na ni vizuri azipime. Baada ya wingu kutokea, mwambie arudi kwenye karatasi: adondoshee mafuta ya ganda la chungwa upande mmoja, mafuta ya nazi upande mwingine, aziache. Karatasi itamwambia kile ambacho ethanoli haikuweza. Mafuta ya karafuu yenyewe hukawia kuruka kuliko ya chungwa, hivyo kwayo subira iongezwe.

Kuhusu usalama sitazunguka. Ethanoli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba. Ethanoli isiyo na maji huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye nyuzi 13 hivi za Selsiasi, na hakuna darasa la pwani lenye baridi hiyo. Tatizo ni kwamba katika kipindi hichohicho cha vipimo vya chakula, kuna kikundi kinachochemsha sukari na mchanganyiko wa Benedict, ule wa kupimia sukari, juu ya moto. Mwali wa ethanoli mchana hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu anaweza kuunguzwa na moto asiouona. Ninachopendekeza ni kuanza na mafuta, kufunga chupa zote na kuzirudisha kabatini, ndipo moto uwashwe. Ndoo ya mchanga iwe karibu. Na spiriti ya viwandani huwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua; ifungiwe kwa kufuli.

Sudan III

Hii ni rangi nyekundu ya unga inayoyeyuka kwenye mafuta na isiyoyeyuka kwenye maji. Ilianza kutumika kupaka mafuta rangi kwenye vipande vya tishu za wanyama mwaka 1896, kazi iliyofanywa na L. Daddi. Maabara huiyeyusha kwenye ethanoli ya asilimia 70 na kuichuja. Katika vitendo vya baiolojia vya kidato cha nne Tanzania imezoeleka mno: unachukua mililita mbili za chakula cha majimaji, unadondosha matone matatu, unatikisa, unasubiri, na mafuta yanajitenga juu yakiwa na pete nyekundu.

Kinachosomwa ni mahali rangi ilipokaa. Mwanafunzi anayeona testi tyubu nzima imekuwa ya waridi na kuandika "mafuta yapo" hajasoma chochote, kwa sababu rangi iliyotawanyika mara tu baada ya kutikisa huonekana hivyo hata kwenye maji matupu. Ngoja itulie. Penye mafuta, sehemu ya chini inarudi karibu na rangi yake ya mwanzo na wekundu unapanda juu. Pasipo mafuta, rangi inabaki imesambaa au inajitenga kuwa vichembe vyekundu visivyo na tabaka. Weka testi tyubu ya maji pembeni. Bila hiyo hutajua vichembe hivyo vikoje.

Kwa mchanganyiko wa mafuta ya alizeti na maji, ambao mara nyingi ndio sampuli ya mtihani, Sudan III ni nzuri na inapendeza macho. Kwa chakula halisi hali ni tofauti. Karanga zilizopondwa zina mafuta karibu nusu ya uzito wake, lakini mafuta hayo yamo ndani ya chembechembe na hayapandi yote juu kirahisi, kwa hiyo pete huwa hafifu kuliko unavyotarajia. Nyanya na pilipili zina wekundu wao. Mawese ya Kigoma ndiyo yanayoizima kabisa: ni mekundu kwa asili, kutokana na karotini iliyomo, na tabaka jekundu utaliona hata kabla ya kufungua chupa ya Sudan. Hapo karatasi au ethanoli ndiyo njia. Ukiyapima mawese kwa ethanoli, wingu huja na rangi ya manjano au chungwa hafifu, nalo linasomeka vizuri.

Jambo lingine ni kwamba rangi hii haina nafasi kwenye chakula cha binadamu. Za ukoo wake zimetumika kudanganya wanunuzi: mwaka 2003 Sudan I ilikutwa Ulaya kwenye unga wa pilipili, mwaka 2005 Uingereza ikaondoa mamia ya bidhaa madukani kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilitangaza kukuta Sudan IV kwenye mawese yaliyokuwa sokoni. Kwa hiyo mabaki ya sampuli yatupwe, kinu kilichoguswa na rangi kisirudi jikoni, na nguo zilindwe, kwani doa lake halitoki.

Sasa ile kazi ambayo karatasi na ethanoli haziiwezi. Zote mbili zinakwambia mafuta yapo, lakini haziwezi kukuonyesha yamekaa wapi. Kata kipande chembamba sana cha karanga mbichi au nyama ya nazi kwa wembe, kitie kwenye Sudan III kwa dakika chache, kisuuze haraka kwa ethanoli iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji, kiweke kwenye kioo pamoja na tone la gliserini, kiangalie kwa hadubini. Utaona vitone vya rangi ya chungwa iliyokolea vimejaa ndani ya seli, na kuta za seli zimebaki hazina rangi. Shule yenye hadubini na isiyo na Sudan III inapoteza somo zuri mno. Hii ndiyo sababu ya kuinunua, na chupa ndogo inatosha kwa muda mrefu kwani hutumika kwa matone.

Kiasi gani cha mafuta?

Vipimo hivi vinajibu ndiyo au hapana. Wingu zito la ethanoli linaweza kuashiria mafuta mengi, lakini linategemea pia ulivyoponda, ulivyotikisa na unyevu wa chakula. Ukipima gramu moja ya korosho na gramu moja ya maharage kwa hatua zilezile, unaweza kusema kipi kina zaidi. Usiende mbali zaidi ya hapo.

Anayetaka asilimia ana njia nyingine. Kwa vyakula vikavu ipo njia ya Franz von Soxhlet, aliyoitoa Ujerumani mwaka 1879: kiyeyushi huchemshwa, hupanda, hudondokea chakula na kurudi chini kikiwa na mafuta, kwa saa kadhaa mfululizo, kisha mafuta hupimwa uzito. Ni kazi ya maabara ya chuo au ya viwango. Kwa maziwa, viwanda hutumia njia ya Niklaus Gerber wa Uswisi ya miaka ya 1890: asidi ya salfuriki huyeyusha protini, alkoholi ya amili husaidia mafuta kujitenga, chombo huzungushwa kwa kasi, na mafuta husomwa kwenye shingo ya chupa yenye alama. Asidi hiyo inaunguza vibaya, isiwe mikononi mwa wanafunzi.

Nalitaja hili kwa ajili ya wanaonunua maziwa kwa wafugaji wakitegemea laktomita pekee. Laktomita hupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, haipimi mafuta. Maji huyafanya maziwa kuwa mepesi. Kuondoa krimu huyafanya mazito. Mtu akiondoa krimu kwanza kisha akaongeza maji kwa hesabu, laktomita itasoma vizuri kabisa. Ethanoli nayo haitamkamata, kwa kuwa mafuta kidogo bado yapo. Kwa biashara hiyo hakuna njia ya mkato ya kuikwepa Gerber.

Kwa chakula ulichonacho

Karanga, korosho, ufuta, alizeti, nazi na dagaa waliokaushwa: anza na karatasi, na mara nyingi hutahitaji kingine. Kiini cha yai, chenye mafuta zaidi ya robo ya uzito wake, kinakubali vyote, ila ethanoli ni safi zaidi kwani karatasi huchafuka kwa rangi ya manjano. Ute mweupe uupime pamoja nacho, utoe jibu la hapana. Parachichi lipimwe kwa karatasi kama una muda wa kusubiri, na kwa ethanoli kama huna. Ethanoli yake itakuwa ya kijani kidogo, na wingu litaonekana tu.

Maziwa ya aina zote yapelekwe kwenye ethanoli, matone machache. Unga wowote, ethanoli baada ya kuchuja. Maharage na kunde, ethanoli, na usishangae wingu likiwa hafifu. Soya, yenye mafuta karibu asilimia 20, iwekwe jirani ili tofauti ionekane. Mawese, karatasi au ethanoli, kamwe si Sudan. Supu na mchuzi wenye mafuta yanayoelea ndipo Sudan III inapofaa, alimradi mchuzi wenyewe usiwe mwekundu wa nyanya.

Shule inayoanza na fedha kidogo inunue chupa ya ethanoli ya asilimia 95 kabla ya kufikiria rangi, iwe na testi tyubu kumi na mbili na karatasi za kuchujia, na karatasi za kaki ziokotwe kwenye bahasha zilizokwisha kazi. Shule inayoandaa watahiniwa wa mtihani unaotaja Sudan III haina hiari, lazima iwe nayo na wanafunzi waizoee mapema. Hao wafundishwe kuandika walichokiona kwanza, "tabaka jekundu limejitenga juu", kabla ya kuandika walichohitimisha, na testi tyubu ya maji isimame pembeni yao muda wote.